Namna ya kupasua na kupolishi mgrevilea mpaka lesi yake itoke

Jamani kama kwenu kuna mgrevilea umezeeka na mnapanga kuukata, ngojeni kidogo, someni hii kwanza ndo mumuite mtu wa chenso. Nauongelea ule mti mrefu ulionyooka, majani yamechanikachanika kama manyoya ya ndege, juu kijani na chini yamepauka yanang'aa kidogo, maua yake ya rangi ya machungwa yamekaa kama brashi ya meno na nyuki hawabanduki hapo. Moshi, Arusha, Lushoto umejaa kwenye mipaka ya mashamba na katikati ya kahawa, ukivuka Kenya kule Embu na Kirinyaga wanauita mukima, Rwanda na Burundi nako upo kibao. Wote tunaujua, ila tunaujua kwa kuni, mirunda na mbao za kumwagia zege. Ukimwambia mteja nataka nikutengenezee kabati la sebuleni kwa mgrevilea anaona unamdharau.

Kwao ni Australia, upande wa mashariki, kusini mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales, unaota misituni na kando ya mito. Jina la kitaalamu ni Grevillea robusta, limechapishwa 1830, na hiyo Grevillea ni kumpa heshima Mwingereza mmoja Charles Francis Greville. Waaustralia wenyewe wanauita silky oak, yaani mwaloni wa hariri, japo hauna undugu wowote na mwaloni. Ndugu yake ambaye wengi huku tunamjua ni mmakadamia, nao asili yake ni hukohuko. Zamani, mwishoni mwa karne ya 19 mpaka miaka ya mwanzo ya karne ya 20, mafundi wa Queensland waliupenda sana, makabati ya vyombo, makabati ya nguo, fremu za milango, mbao za kupambia kuta, vyote walitengenezea huu. Wakaukata mno ile ya porini ikapungua, jina lenyewe likahamia kwenye mti mwingine wa kaskazini mwa Queensland, Cardwellia sublimis, kwahiyo leo ukikuta fenicha imeandikwa silky oak inaweza kuwa ni huo mwingine. Huku kwetu uliletwa enzi za wakoloni kuwa kivuli cha kahawa na chai, kazi ambayo ulishaifanya India na Sri Lanka, na ukakubali ardhi yetu vizuri kweli. Yaani mbao ambayo kwao mafundi wanaitafuta kwa shida, sisi tunaikokea jiko. Hili linaniuma na ndo maana nimekaa kuandika.

Mi nilikuja kujua kwa bahati tu. Mama alikata mgrevilea mmoja kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ulioanza kuegemea bati, fundi chenso akapasua kama tunavyopasua siku zote, kutoka ubavu mmoja mpaka mwingine kama slesi za mkate. Zikatoka mbao kumi na moja. Nikazikausha nikaanza kupiga randa, moja baada ya nyingine za kawaida tu, mistari ya kawaida, hadi nilipofika mbili zilizotoka katikati kabisa ya gogo. Randa ikafunua kitu sijawahi kukiona kwenye mbao yoyote ya hapa kwetu, madoa marefu yanayong'aa yamejipanga kama kitambaa cha lesi, ukiinamisha ubao mwanga unatembea juu yake. Mti uleule, gogo lilelile, mbao tisa hazina kitu na mbili zina hiyo lesi. Nilikaa nazo dirishani nazigeuza mpaka giza likaingia.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya mti kuna miale, inatoka kwenye moyo inaenda mpaka kwenye gamba kama spoku za baiskeli, kazi yake ni kupitisha chakula cha mti kwa upande na kukitunza. Miti mingi miale yake ni myembamba mno huioni kwa macho, lakini mgrevilea miale yake ni minene na mipana, ukichonga kichwa cha gogo kikawa laini unaiona kabisa imetawanyika. Sasa ukipasua ubao ukakata spoku hizo kwa kukingama, unachoona usoni ni ncha zake tu, vijistari vidogo. Ukipasua ubao ukiwa umefuata spoku, kutoka moyoni kwenda nje, ile miale inalala juu ya uso wa ubao na unaiona kwa upana wake wote. Hiyo ndo lesi. Ukifuata spoku sawasawa unapata mabaka makubwa, ukipotoka kidogo, digrii chache tu, mabaka yanakuwa madogo madogo na yanafanana, na kwa macho yangu hayo madogo ndo mazuri zaidi kwenye vitu vidogo kama boksi au fremu ya kioo, yale makubwa yaache kwa milango ya kabati.

Kuchagua mti: usichukue wa miaka michache. Piga hesabu hivi, gogo la kipenyo cha sentimita 40 kutoka moyoni mpaka nje ni 20, toa sentimita 3 za moyo ambao lazima utapasuka, toa nyingine 3 za gamba na ile mbao nyeupe ya nje, unabaki na ubao wa upana wa 14. Kwahiyo chini ya sentimita 35 utapata vijiti tu. Angalia pia kama mti ulikuwa unapogolewa matawi kila mwaka kwa ajili ya kuni, kila jeraha la tawi ni kifundo ndani, na mgrevilea ya mipakani karibu yote imepogolewa, so chukua kipande cha chini ambacho matawi yake yalitolewa mapema mti ukiwa mdogo, vifundo vitakuwa karibu na moyo na vitatoka pamoja na moyo. Mti ulioegama uache, mbao yake ina mvutano ndani, ukiipasua inajikunja mbele ya macho yako. Na kabla ya yote hayo nenda serikali ya kijiji au ofisi ya misitu uulizie kibali cha kukata na kusafirisha, hata kama mti ni wa kwako umeupanda mwenyewe.

Kupasua sasa, hapa ndo kazi yote ilipo. Kata gogo urefu unaotaka kisha chora msalaba kwa chaki kwenye kichwa chake, na msalaba upite kwenye MOYO wa mti, siyo katikati ya duara, maana mara nyingi moyo umekaa pembeni kidogo. Pasua kwa kufuata mstari wa kwanza upate nusu mbili, kila nusu pasua tena upate robo nne. Chukua robo moja, ina nyuso mbili zilizonyooka zinazokutana kwenye moyo. Toa ubao mmoja kwenye uso wa kwanza, igeuze, toa ubao kwenye uso wa pili, igeuze tena, endelea hivyohivyo kwa zamu hadi iishe. Mbao za kwanza ndo pana na ndo zenye lesi kali, zinazofuata zinakuwa nyembamba na lesi inapungua lakini bado ipo. Ukitaka ubao wa inchi moja ukiwa tayari, pasua inchi moja na robo, kwasababu itasinyaa na randa nayo itakula. Mtu wa chenso atalalamika kwamba unampotezea muda, na kweli njia hii ni ndefu na inatupa vipande vingi, kwahiyo elewana naye malipo ya siku nzima, siyo ya idadi ya mbao, la sivyo ukigeuka tu atarudi kwenye slesi.

Kama huna mti usikate tamaa, nenda magulio ya mbao. Kwenye kila rundo la mgrevilea iliyopasuliwa kislesi zimo zile mbili tatu za katikati na muuzaji anaziuza bei ileile ya nyingine. Usiangalie uso wa ubao, umechafuka hautaona kitu, angalia kichwa. Pete za mwaka zikiwa zimesimama wima kutoka uso mmoja kwenda mwingine, huo ndo wenyewe. Zikiwa zimelala au zimepinda kama tabasamu, rudisha. Tembea na kisu kidogo au kipande cha msasa, mwombe mwenye mali akuruhusu usafishe sehemu ndogo, lesi itajionyesha hapohapo.

Jambo la afya na naomba usiliruke. Utomvu na vumbi la mgrevilea vinawasha baadhi ya watu vibaya sana. Ndani yake kuna kemikali inaitwa grevilo, ni ya jamii moja na ile iliyopo kwenye mafuta ya ganda la korosho, kwahiyo wale wa Mtwara na Lindi mliowahi kubabuka mikono kwa kubangua korosho mnajua ninachosema. Mbao mbichi ndo mbaya zaidi. Vaa shati la mikono mirefu, glavu ukiwa unashika mbichi, barakoa ya maana wakati wa msasa (kile kitambaa chepesi hakizuii kitu), na ukimaliza oga, usijifute jasho usoni na mkono wenye vumbi. Kuna anayefanya kazi nayo miaka bila shida na kuna anayevimba siku ya kwanza. Ukiona upele unatoka na malengelenge achana nayo uende hospitali, siyo uvumilie, maana mwili ukishaikataa kila ukirudi inakuwa kali zaidi.

Kukausha: siku hiyohiyo ya kupasua paka vichwa vya mbao rangi ya mafuta iliyobaki baki au nta iliyoyeyushwa, maji yanakimbilia kutoka vichwani na hapo ndo nyufa zinapoanzia. Panga mbao kivulini, penye upepo lakini pasipo jua wala mvua, rundo liinuliwe kutoka chini angalau futi moja, kati ya ubao na ubao weka vijiti vya inchi moja vyenye unene sawa na vipangwe mstari mmoja juu mpaka chini, vikipishana mbao zitapinda kufuata vijiti. Juu weka mawe au matofali uzikandamize. Mbao hii haina ukorofi kwenye kukauka, lakini ukiiharakisha juani inajikunja. Usikisie kwamba imekauka, chukua ubao mmoja upime kwenye mizani kila wiki uandike, uzito ukiacha kushuka wiki tatu mfululizo basi imefika pale hali ya hewa yenu inapoifikisha. Kwa ubao wa inchi huku kwetu mi huwa naipa miezi minne, kisha naiingiza ndani ya karakana wiki mbili kabla ya kuigusa. Na tangu ikiwa mbichi ipakwe dawa ya mbao, ile ya boraksi inatosha kwa vitu vya ndani, kwasababu bungua wanaipenda, hasa ile sehemu nyeupe ya nje. Sehemu nyeupe mi naikata yote natupa.

Ikishakauka ni mbao ya kati, uzito kama kilo 600 kwa mita ya ujazo, nzito kuliko paina na nyepesi mbali kabisa kuliko mpingo, msumeno na patasi vinapita bila ugomvi, gundi inashika, misumari haiipasui ovyo. Ugumu upo sehemu moja tu, kwenye randa. Ile miale mipana imelala juu ya uso, ukipita na randa butu inang'oka vipande vipande unabaki na mashimo, na mashimo hayo hata vanishi haiyafichi. Noa blade mpaka inyoe nywele za mkono, shusha kidogo sana, pita kwa mshazari, ukiona inang'oa geuza upande. Kama unatumia mashine peleka polepole na ikate kidogo kidogo, acha nusu milimita umalizie kwa mkono. Kumalizia mi nakwangua na kipande cha blade ya msumeno uliovunjika, kilichonyooshwa ukingo kwa tupa, nakishika kwa mikono miwili nimekikunja kidogo. Kinatoa nyuzi laini na haking'oi miale. Mafundi wa zamani walitumia kipande cha kioo, kinafanya kazi ileile ila angalia vidole. Halafu msasa namba 120, 180, 220, daima umeuzungushia kwenye kipande cha mbao bapa, ukitumia kiganja unachimba mabonde. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke, vinyweleo vitasimama, pita tena na 220 kwa mkono mwepesi.

Kupolishi. Hapa nina msimamo mkali kidogo mnisamehe. Zile vanishi zenye rangi nzito ya mahogani ambazo tumezizoea, usizitie kwenye mgrevilea, zinafunika kila kitu ulichohangaikia. Mbao yenyewe ikiwa mpya ina rangi ya waridi iliyofifia kuelekea kahawia, na kadiri miaka inavyoenda inakolea inakuwa kama asali nzito, acha ifanye kazi yake. Njia ninayoipenda ni mafuta ya linsidi (mbegu za kitani) yaliyochemshwa, paka mkono mwepesi kwa kitambaa, ngoja kama robo saa, futa yote yaliyobaki juu, acha siku nzima, rudia mara tatu. Mafuta yanaingia ndani na ule mng'ao unaotembea unaongezeka mara dufu. Vile vitambaa vya mafuta USIVIKUNJE ukavitupa kwenye kona, vinajipasha joto vyenyewe na vinawaka moto bila kiberiti, vitandaze nje vikauke kabisa au viloweke kwenye ndoo ya maji. Ukitaka mng'ao wa juu, mafuta yakishakauka vizuri, wiki nzima au zaidi, paka shelaki (polishi ya mbao inayoyeyushwa kwenye spiriti) kwa kitambaa kilichokunjwa, tabaka nyembamba nyembamba nyingi. Meza au trei inayokutana na chai ya moto, malizia na vanishi isiyo na rangi.

Kama mteja anang'ang'ania rangi ya giza kuna namna. Tumia rangi ya maji inayopenya, siyo inayofunika, jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Miale hainywi rangi sawa na sehemu nyingine, kwahiyo mbao inakuwa nyeusi na lesi inabaki nyepesi juu yake, inapendeza sana kwenye fremu.

Vitu vya kutengeneza sasa. Kwa kuwa ubao wenye lesi hautakuwa mpana, usiutumie kwenye kiunzi cha kabati, miguu na fremu tumia mbao nyingine au zile za mgrevilea zisizo na lesi, lesi iweke pale jicho linapotua: bapa za milango, mbele ya droo, kifuniko cha boksi la vito, kingo za kioo, kichwa cha kitanda, trei. Bapa la mlango usiligundishe kwenye fremu yake, liache lielee ndani ya mfereji na nafasi kama milimita mbili kila upande, mbao hata ikikauka inapumua na msimu, ikibanwa inapasuka. Faida nyingine ya mbao iliyopasuliwa kirobo ni kwamba inasinyaa na kuvimba kidogo sana kwa upana kuliko ya slesi, so meza yako haitajikunja. Nakshi kubwa inapatikana ukichukua ubao mnene, ukaupasua katikati ya unene wake, ukaufungua kama kitabu na kuunganisha ubavu kwa ubavu, madoa ya kushoto yanakuwa kivuli cha ya kulia. Mlango wa kabati uliofanywa hivyo mtu akiingia sebuleni anauliza hii ni mbao gani, na ukimjibu mgrevilea anabisha. Ukiweka utepe mwembamba wa mpingo kuizunguka inazidi kutulia. Ukiwa na vinia presi, yaani mashine ya kukandamiza mbao nyembamba zishike gundi, unaweza kuikata nyembamba ukabandika juu ya plaiwudi, gogo moja likakutosha kwa chumba kizima.

Nje usiiweke. Fremu ya mlango wa nje, banda, kitu kinachogusa udongo, hapana, inaoza na mchwa watakushukuru.

Vipande vya pembetatu vinavyobaki kwenye ncha za robo usivichome, navyo vina lesi, vinatosha vishikio vya droo, fremu ndogo za picha, miraba ya bodi ya drafti ukichanganya na mninga. Na ukishamaliza kabati liweke ubavuni mwa dirisha, siyo linalitazama, mwanga ukija kwa pembeni ndo miale inaamka. Zile mbao mbili za kwanza zikawa milango ya kabati la vyombo la mama, na tulilihamisha mara tatu mpaka tukapata ukuta wake, sasa hivi saa kumi jioni jua likipenya milango yote miwili inawaka.